Chumba si Ghala: Neno Letu kwa Mabibi Harusi na Mama Zao



Leo hatukuja na mapishi wala singo. Leo tumekuja na ugomvi, na mtusamehe mapema kama utawagusa, maana wengine wenu tumekula pilau zenu juzi tu na mikono bado inanukia.

Tulialikwa nyumbani kwa shoga yetu mmoja aliyeolewa baada ya Idi. Anakaa Michenzani, ghorofa ya juu, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Vyumba vyake mnavijua, wengi wetu tumezaliwa humo. Mumewe alinunua seti kamili ya chumba: kitanda cha futi sita chenye ubao wa mchagoni uliovimba kama mto, kabati la milango sita, meza mbili za pembeni, meza ya kujipambia na kiti chake. Sebuleni kochi la pembe, rangi ya kijivu, la mahameli, na meza ya kioo yenye miguu ya dhahabu. Kabati lilipandishwa ngazi kwa vijana saba na kelele za mtaa mzima. Tulimpongeza, tukapiga vigelegele, tukapiga na picha.

Ikaingia Magharibi. Tulikuwa wanawake wanne. Bi harusi akatutazama kwa haya, akasema: "Chumbani hapana pa kutandika msala. Labda tuinue meza ya sebuleni tuiweke juu ya kochi, msali kwa zamu." Tukaiinua ile meza ya kioo, mmoja wetu akiomba dua isije ikavunjika, tukasali mmoja mmoja. Na Magharibi, dada zetu, haina subira.

Nyumba ya Muislamu imenunuliwa kila kitu isipokuwa nafasi ya sijda. Hilo ndilo lililotuudhi, na hatumlaumu yule mtoto hata kidogo. Tunawalaumu watu wazima waliomzunguka, sisi tukiwemo.

Hebu tufanye hesabu, maana hapa hakuna siri ya wataalamu, ni kujumlisha na kutoa tu. Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, ambacho kwetu kinaitwa chumba kizuri. Kitanda kinachouzwa kwa jina la futi sita, ukishakivisha fremu yake nene na ule ubao wa mchagoni, kinakula karibu futi saba kwa saba. Weka meza mbili za pembeni za futi moja na nusu kila moja. Saba na tatu ni kumi: ukuta umekwisha, hapapiti hata ufagio. Upande wa pili weka kabati lenye kina cha futi mbili. Kumi na mbili toa saba, toa mbili, zimebaki futi tatu, na katika hizo futi tatu milango ya kabati inataka ifunguke, na wewe unataka upite. Meza ya kujipambia bado iko mlangoni inangoja. Msala wa kawaida unataka upana wa futi mbili na kidogo na urefu wa karibu futi nne, na sisi wa Unguja na Pemba kibla chetu kiko kaskazini, karibu moja kwa moja, kwa hiyo huwezi kuutupa msala upande wowote unaotaka. Utasali wapi? Juu ya kitanda?

Sasa tuulizane. Ni nani aliyekaa na bi harusi yule akampigia hesabu hii kabla ya pesa kutoka? Somo wake alimfundisha singo, alimfundisha kufukiza udi, kutandaza asumini kitandani, kumpokea mume, kumstahi mkwe. Mambo mema yote, hatuyadharau. Lakini futikamba hakumshikisha. Mama yake alishughulika na sare. Shangazi zake walishughulika na chetezo na vyombo vya kuvishana macho. Mwenye duka alishughulika na kuuza. Na bi harusi mwenyewe alikuwa na simu yake mkononi, anatazama picha za vyumba vya Dubai na Istanbul, vyumba vyenye mitambo ya kupoza hewa mchana na usiku, na ambavyo kimoja kinaingia sebule zetu mbili na uwanja ukabaki.

Na hapa pana jambo zito zaidi ya meza. Kwetu mahari mara nyingi hutajwa pamoja na kitanda na vyombo vya chumba. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa amewaamrisha wanaume wawape wanawake mahari yao, na mali hiyo ni ya mwanamke, si ya wazee wake, si ya mwenye duka. Basi ikiwa haki yako yote imegeuzwa kabati la mbao za kubanwa, yaani maranda yaliyogandishwa kwa gundi yakabandikwa karatasi ya kung'aa juu, umepewa nini? Hewa ya visiwa hivi ina unyevu na chumvi. Mbao zile zikinywa unyevu zinafura, bawaba zinang'oka, mlango unaning'inia, na misimu michache ya masika inatosha kuimaliza haki yako. Bibi zetu walipewa kasha la mti mzito na samadari ya msaji, na wengine wetu tunavilalia vitanda hivyo mpaka leo. Wajukuu wao tunapewa maranda, kwa mkopo, na mume analipa deni mpaka mtoto wa kwanza anaanza kutambaa.

Mtatwambia tunarudisha watu nyuma. Hatukusema mtu alale juu ya mkeka. Tumesema kwamba kupanga nyumba kuna kanuni zake kama kupika kulivyo na kanuni zake, na kanuni hizo hazinunuliwi dukani, wala hazikuletwa na televisheni. Ziko mikononi mwenu tangu utotoni. Hebu fungueni kanga.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka pande zote nne, linashika kila kitu mahali pake. Mji uko katikati, ndiko macho yanakoanguka. Jina limekaa chini ya mji, limepangwa pale lisomeke, halikusambazwa kila pahala. Rangi zake mara nyingi ni mbili au tatu, na zile zile zilizo katika pindo ndizo zinazorudi katika mji. Kanga haina rangi iliyokuja peke yake kama mgeni asiyealikwa. Ukiikunja katikati, upande huu unaitazama upande ule. Maua ya pindo yanafuatana, moja, nafasi, moja, nafasi, jicho linatembea nayo bila kuchoka.

Yote wanayofundishwa wanafunzi wa usanifu wa ndani yamo humo. Pande mbili kulingana, hiyo ni mizania. Ua kurudi kwa mpango, huo ni mdundo. Mji kuwa mmoja, hicho ndicho kituo cha macho. Rangi kurudiana, huo ni umoja. Pindo kuwa jembamba na mji kuwa mpana, huo ni uwiano. Mwanamke wa pwani anayeweza kusimama dukani Darajani akaikataa kanga kwa sababu "pindo lake limezidi mji" ana jicho la msanifu. Kisha mwanamke huyo huyo anaingia duka la fanicha, jicho lake analiacha mlangoni pamoja na viatu.

Chukueni basi chumba chenu mkitandaze kama kanga. Mji wake ni upi? Chumba cha kulala kina mji mmoja, nao ni kitanda. Mtu akiingia, akione kitanda, atulie. Lakini nyinyi mnaweka kitanda chenye ubao uliochongwa na vifungo vya kung'aa, mkakikabili na kabati lenye kioo na maua ya dhahabu, ukutani karatasi ya matofali ya uongo, juu dari ya jipsamu yenye ngazi tatu na taa za buluu pembeni, chini kapeti lenye simba. Mnaona hapo? Ni kanga yenye miji mitano. Mume akirudi kazini hajui macho ayalaze wapi, kisha tunasema hatulii nyumbani. (Haya, hilo la mume tumelitia chumvi. Lakini kidogo tu.)

Mji Mkongwe umejaa somo hili na tunapita mbele yake kila siku tukienda sokoni. Tazameni mlango wa nyumba ya kale. Umechongwa juu, umechongwa kando, una mnyororo, una mauwaridi, mingine ina misumari ya shaba. Sasa tazameni ukuta uliouzunguka: chokaa nyeupe, mtupu kabisa. Fundi hakuuacha ukuta mtupu kwa umasikini, maana mwenye kuweza kulipia mlango ule angeweza kuchonga na ukuta. Aliuacha ili mlango uonekane. Kitu kizuri kinataka kimya pembeni yake. Ukitaka kioo chako cha dhahabu kiwe kizuri, usiweke kitu kingine cha dhahabu karibu nacho. Utaona kioo kile kile kimepanda bei bila kulipa senti.

Na Lamu, wenzetu, wanatupita kwa zidaka. Nyumba za mawe za Lamu zina ukuta wa ndani uliojaa vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, vimepangwa kwa ulinganifu hata ukivitazama mshumaa ukiwaka unahisi ukuta unapumua. Ndani yake yaliwekwa masahani na mabakuli ya kaure. Kwa nini ndani ya ukuta? Kwa sababu vyumba vile vilikuwa vyembamba. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kupita kama mita tatu hivi, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti. Watu wale walikuwa na chumba chembamba kuliko chako, na vyombo vya thamani kuliko vyako, lakini hawakuleta kabati la vioo wakaliweka katikati ya njia. Walivitia vitu ndani ya ukuta, sakafu wakaiacha wazi, dari wakaipandisha juu ili hewa ya moto ipate pa kwenda. Sisi tuna dari ya kawaida, tunaishusha kwa jipsamu futi nzima, kisha tunalalamika joto.

Hivyo kanuni ya kwanza kuliko zote ni kipimo, na hatutaacha kuisema. Kitu lazima kifae chumba kabla ya kumfaa mwenye chumba. Kabla ya mtu yeyote kutoa pesa, nendeni kwenye nyumba mtakayokaa na futikamba. Pimeni urefu, upana, mlango, ngazi, dirisha na umbali wake kutoka chini. Kisha chukueni gazeti la zamani au mkeka, mkitandaze sakafuni kwa ukubwa wa kitanda mnachokitaka, mzunguke. Fungueni mlango. Tandikeni msala kuelekea kibla. Mtu akipita, aache futi mbili na nusu za njia, tatu zikiwezekana. Kati ya kochi na meza futi moja na nusu inatosha, goti lisigonge na kikombe kifikiwe. Ikiwa kitanda cha futi sita kinakula chumba, cha tano kitawatosha watu wawili walioana kwa mapenzi. Wazee wetu walilala juu ya vidogo kuliko hivyo na sisi tukazaliwa. Ikiwa kabati la milango sita halina nafasi, la milango mitatu linalofika juu karibu na dari litabeba nguo nyingi bila kula sakafu. Na kwa nini meza mbili za pembeni? Mizania si lazima iwe vitu pacha. Upande huu meza, upande ule taa ya ukutani na ndoana ya kutundika kanga, jicho linaridhika vile vile, kama mizani ya sokoni inavyokaa sawa kwa jiwe upande mmoja na mchele upande wa pili.

Rangi hatutakaa nazo sana, maana zina kelele kuliko maana. Wasanifu wana kanuni yao nyepesi: kama sehemu sitini katika mia ya chumba iwe rangi moja ya utulivu, thelathini iwe ya pili, kumi iwe ya kuchangamsha. Kuta na dari nyeupe au rangi ya tui, mapazia na shuka rangi ya pili, mito na kitu kimoja kingine rangi ya tatu. Chagueni hizo tatu kutoka kwenye kanga moja mnayoipenda, mwisho wa habari. Ila huu ukijivu na weusi uliotuingia kama mafua, tunauliza tu: nchi ya jua na bahari, chumba kina dirisha moja, mnaupaka ukuta kijivu cha chuma, mnawasha taa saa nane za mchana. Umeme nani analipa?

Mapazia yana mambo mawili ambayo tunataka mwanamke wa Kiislamu ayashike kuliko mwingine yeyote. Moja ni hewa. Kaskazi inavuma kutoka Disemba mpaka Machi hivi, kusi inachukua zamu yake baadaye, na nyumba iliyopangwa vizuri inaacha upepo uingie dirisha hili na utoke lile. Pazia zito la tabaka mbili lenye mikunjo ya kofia juu linaziba nusu ya dirisha hata likiwa limefunguliwa. Fimbo yake ipitishwe nje ya dirisha, nusu futi au zaidi kila upande, na ipandishwe juu karibu na dari. Hapo pazia likifunguliwa linakaa ukutani, dirisha lote liko huru, na chumba kinaonekana kirefu.

La pili ni sitara. Wengi mnaamini pazia la wavu linawasitiri. Linawasitiri mchana tu, kwa sababu nje kuna mwanga kuliko ndani. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka: wewe huoni nje, wa nje anakuona kama uko jukwaani, na kichwa umekivua mtandio kwa kuwa uko kwako. Usiku pazia la nguo lazima lifungwe. Na kile kioo kikubwa cha meza ya kujipambia, kikitazamana na mlango wa chumba, kila atakayekaa sebuleni mlango ukiwa wazi atakiona kitanda chako ndani ya kioo. Tumeingia nyumba ngapi tukaona hivyo! Nyumba za kale zilijua hili bila kufundishwa. Nje paliwekwa baraza ili mgeni mwanamume akae bila kuvunja heshima ya nyumba, na ukiingia mlango mkubwa jicho linakutana na ukuta, halikutani na ua. Mlango wa pili haukutazamana na wa kwanza. Sasa wewe huna ukumbi wala baraza, umekodi vyumba viwili Kwahani au Fuoni. Unaweza kuweka pazia la ushanga au kisitiri cha mbao mlangoni. Unaweza kuligeuza kochi. Unaweza kukihamisha kioo kikatazamana na dirisha, kikaongeza mwanga badala ya kukuvua nguo mbele za watu.

Tumesikia wenye kusema kwamba dini haina habari na makochi. Hivyo? Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alitundika pazia lenye picha, Mtume, rehma na amani zimshukie, hakulipenda, naye akalikata akalifanya mito ya kuegemea. Bukhari na Muslim wameipokea. Masheikh wanaijadili kwa upande wa picha, na hilo tunawaachia wao. Sisi tunataka mlitazame lile pazia: halikutupwa. Lilikatwa likatumika. Kuna na hadithi katika Sahihi Muslim ya matandiko: tandiko la mume, la mke, la mgeni, na la nne akasema ni la shetani. Yeye mwenyewe godoro lake lilikuwa la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende. Na hapa sisi tuna chumba kizima cha wageni kimefungwa kwa ufunguo, kochi limevishwa nailoni, watoto wanapigwa wakilikanyaga, na wageni wakija tunawakalisha jikoni kwa sababu sebule "itachafuka". Suratul Israa imewaita wafujaji ndugu wa mashetani. Tuogope kidogo.

Na tukiwa hapo hapo, neno kuhusu aya. Tumehesabu katika sebule moja vibao tisa vya aya na majina matukufu, vya plastiki ya dhahabu, vingine juu ya televisheni, kimoja kimeinama. Hatutoi fatwa. Tunasema tu kwa upande wa macho kwamba kibao kimoja kizuri, juu, peke yake kwenye ukuta mweupe, kinaheshimika. Tisa vimegeuka urembo, hakuna anayevisoma.

Najua, sisi sote tunajua, jawabu linalokuja. "Mnasema hivyo kwa sababu zenu hazikuwa nzuri." Wapo waliotwambia hivyo usoni. Kweli, mmoja wetu aliolewa na kitanda cha mwembe na kabati la kuazima. Mwingine, tuseme ukweli wote, aliolewa na seti yenye dari ya kitambaa na mito kumi na miwili, akaililia kwa baba yake mpaka akapewa, na miaka mitatu baadaye aliiuza kwa robo ya bei ili alipie hospitali ya mtoto. Ndiye anayesema kwa ukali kuliko sote katika maneno haya. "Kila mtu na ladha yake," nalo hilo tunalisikia. Ladha ni yako, shoga. Ukipenda dhahabu, penda dhahabu. Lakini futi kumi ni futi kumi kwa mwenye ladha na asiyekuwa nayo, na upepo hauulizi ladha ya mtu.

Wapo pia wenye hoja nzito zaidi: kwamba bi harusi akiingia nyumba isiyokuwa na seti, ukoo wa mume utamdharau, watu watasema kaolewa kama mjane. Hili tunalikubali kuwa ni kweli, na ndiyo maana hatumsemi bi harusi peke yake. Wanaokuja kutazama vyombo ni sisi. Wanaofungua makabati ya watu na kuhesabu masahani ni sisi. Wanaouliza "na kochi liko wapi?" ni sisi, watu wazima, wenye tasbihi mkononi. Msichana hawezi kushindana na midomo yetu. Kwa hiyo mama wa bwana harusi, wifi, shangazi: mkienda kutazama nyumba mwaka huu, ulizeni dirisha linafunguka upande gani. Ulizeni msala unatandikwa wapi. Mkiona chumba kina kitanda kimoja kizuri cha mti, mkeka wa ukindu uliosukwa Pemba, kasha la bibi na sakafu iliyo wazi, pigeni vigelegele vile vile mlivyozipigia zile dari za jipsamu.

Na pesa iliyobaki iwe ya bi harusi, mkononi mwake, kama ilivyo haki yake. Cherehani. Dhahabu kidogo. Kiwanja huko Bububu akiweza. Asipotaka kitu, aiweke. Seremala wa mtaani atamtengenezea kitanda cha mninga au mfenesi kwa kipimo cha chumba chake, pia kwa pesa yake ile ile, na kikilegea mguu seremala yupo, ataitwa. Kile kilichotoka kwenye meli kikivunjika skrubu, skrubu yake haipatikani mjini kote.

Shoga yetu wa Michenzani, kama mnataka kujua, ameanza mwenyewe. Meza za pembeni amezitoa, moja amempa mama mkwe, moja iko jikoni imebeba mtungi wa maji. Meza ya kujipambia imerudi dukani kwa hasara. Kabati limegawika vipande viwili, kumbe lilikuwa linaunganishwa kwa skrubu tu, nusu yake iko kwa mdogo wake Mwera. Kochi la mahameli bado lipo, deni lake halijesha, na mumewe hataki kulizungumza. Lakini chumbani, upande wa kaskazini chini ya dirisha, pana nafasi ya misala miwili.

Mdogo wake huyo wa Mwera ndiye anayeolewa mwezi ujao. Mama yao alitupigia simu jana. Hakuuliza habari ya sare. Aliuliza futikamba inauzwa bei gani Darajani, na kama ile ya cherehani itafaa.